Lambo Hili ni la Nini? Kisa cha Machinjio, Korongo na Neno Moja

Kisa hiki kilianzia kwenye neno moja. Mfanyabiashara wa nyama alitaka kujenga machinjio ya ng'ombe na mbuzi kando ya korongo, katika kijiji kisicho mbali na jiji la Dodoma. Majitaka yake yangepita kwanza kwenye mashimo ya kutulizia taka, kisha yaingie korongoni, na korongo lile ndilo linalojaza lambo la kijiji. Kwenye maelezo ya maombi ya kibali palikuwa na mahali pa kusema maji yatakayopokea majitaka hayo yanatumika kwa kazi gani. Akaandika: mifugo.

Hakudanganya. Fika pale saa nne asubuhi, mwezi wa nane, utakuta ng'ombe makundi kwa makundi, wachungaji wameegemea fimbo, vumbi limesimama hewani na maji ya ukingoni yamegeuka uji wa kahawia. Mtu yeyote angeandika alichoandika yeye. Lakini neno lile ndilo lililokuwa liamue kila kitu baada yake: vipimo gani vitumike, kiasi gani cha uchafu kiruhusiwe, nani aulizwe na nani asiulizwe. Maji yakishaandikwa kuwa ya ng'ombe, yanalindwa kwa ajili ya ng'ombe.

Niliingia katika shauri hili kwa sababu jumuiya ya watumia maji ya eneo lile iliomba mtu anayejua mambo ya ubora wa maji aisaidie kusoma maombi hayo. Kijiji sikitaji, wala mwombaji, wala ofisi zilizohusika. Shauri halijafungwa, na wale watu ni majirani watakaoendelea kuzikana na kuozana.

Mahali penyewe

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Kifuku huanza kama mwezi wa kumi na mbili na kuishia mwezi wa nne, na mwaka wa kawaida mvua yote haizidi sana milimita 600. Jua, kwa upande wake, lina uwezo wa kunyanyua zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye bwawa lililo wazi. Makorongo hutiririka saa chache au siku chache baada ya mvua, halafu hubaki mchanga mtupu kwa miezi saba au minane. Kinachobaki kwenye lambo ndicho hichohicho mpaka mvua nyingine.

Wakati huohuo mji unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini Dodoma; ile ya 2022 ilihesabu 765,179 katika jiji. Watu hao wanakula nyama, na nyama lazima ichinjwe mahali fulani. Kwa hiyo sikuanza nikiwa na kinyongo na mwombaji. Machinjio yenye sakafu ya saruji, maji na mahali pa kukusanyia damu ni bora mara nyingi kuliko kuchinja chini ya mti na kuwaachia mbwa matumbo. Alikuwa anataka kufanya jambo la halali kwa njia ya halali, na ndiyo maana aliomba kibali. Wako wengi wasioomba.

Siku moja lambo

Kabla ya kuchukua hata chupa moja ya sampuli, niliiomba kamati ya jumuiya hiyo tukae lambo siku nzima, kuanzia alfajiri hadi usiku. Katika kazi hii nimejifunza kwamba mkutano hukuambia matumizi ambayo watu wanaona fahari kuyataja, au yale ambayo wanaume wanayajua. Kukaa hukuonyesha yaliyobaki.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri walifika wanawake na wasichana. Hawakwenda kwenye maji ya wazi. Walikwenda mkiani mwa lambo, pale korongo linapoingilia, ambako mchanga ni mwingi. Wakapiga magoti, wakachimbua vishimo vya kina cha mkono, wakasubiri. Maji yakajikusanya taratibu, wakayachota kwa kata na kuyatia kwenye madumu kupitia kitambaa. Bibi mmoja, baada ya shikamoo na mbukwa, salamu ya Kigogo, alinieleza kwamba bomba la kijiji likiharibika, au foleni ikizidi, maji ya kunywa ni haya. Miezi mitatu ya mwisho wa kiangazi ni haya karibu kila siku. Nilimuuliza kwa nini hakulisema hilo mkutanoni. Akanijibu kwamba mkutanoni waliulizwa habari za lambo, na wao hawachoti lambo, wanachota mchangani.

Jibu lile lilibadilisha shauri zima, na bado nalikumbuka kila ninapoona fomu yenye nafasi ya neno moja. Kwa mtaalamu, maji ya mchangani na maji ya korongo ni maji yaleyale. Mchanga ni ghala tu. Kwa mchotaji ni vitu viwili. Mwombaji, mwenyekiti, hata mtaalamu angeweza kupita pale mara kumi bila kukutana na matumizi yaliyo nyeti kuliko yote, kwa sababu hufanyika alfajiri, hufanywa na wanawake, na jina lake ni jingine.

Saa nne ng'ombe walifika. Mchana wakaja watoto wa shule kuogelea, na kina mama wawili kufua. Alasiri vijana walishuka na keni kumwagilia mchicha, chainizi na nyanya katika vibustani vya pembeni. Mboga hizo huuzwa mjini, na sehemu yake, nyanya hasa, huliwa mbichi kwenye kachumbari. Fundi matofali alijaza mapipa yake. Giza lilipoingia wanaume wawili wakatega nyavu za kambale na perege. Orodha yetu ya usiku ule ilikuwa na matumizi saba. Fomu ilikuwa na moja.

Kwa nini kipimo cha bomba hakikutosha

Mwombaji alikuwa na hoja nzito, na ilistahili kujibiwa kwa hesabu. Alisema: kuna kiwango cha taifa cha majitaka, mimi nitakifikia, mnataka nini zaidi? Kweli kipo. Kiwango namba TZS 860 (TZS hapa ni alama ya viwango vya Tanzania, si shilingi) kinataka majitaka yanayotiririshwa yasizidi miligramu 30 kwa lita za kile maabara inachokiandika BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watakitumia ndani ya siku tano kuula uchafu uliomo. Kufika hapo kwa machinjio si kazi ndogo. Majitaka ya machinjio yakiwa mabichi husoma maelfu, na damu yenyewe, isiyochanganywa na maji, huzidi 100,000. Kushuka kutoka huko hadi 30 ni sifa.

Lakini kiwango hicho kinapima mdomo wa bomba. Hakijui bomba linamwagia wapi. Mto unaotiririka mwaka mzima, ukipokea lita moja ya majitaka katika lita ishirini za maji yake safi, ile 30 inakuwa kama moja na nusu, na mto unaendelea na safari. Korongo letu mwezi wa nane halina lita ishirini. Halina hata moja. Kitakachotiririka mle ni majitaka ya machinjio peke yake, nayo yatafika lambo jinsi yalivyotoka.

Sasa pima upande wa pili. Maji yenye joto la nyuzi 25, katika mwinuko wa Dodoma wa karibu mita 1,100, hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7 na kidogo za oksijeni kwa lita hata yakiwa safi kabisa. Mzigo wa 30 unadai mara nne ya kilichomo. Upepo hurudisha oksijeni kiasi, na lambo lina ukubwa wake, kwa hiyo siku ya kwanza hutaona kitu. Ila majitaka huja kila siku, na lambo linapungua kila siku. Perege ni samaki mvumilivu, lakini uvumilivu wake una mwisho, na mwisho huo kwa kawaida huonekana alfajiri, baada ya usiku mzima ambao mimea ya majini nayo imekuwa ikivuta oksijeni badala ya kuitoa.

Damu ina jambo jingine. Ni protini, na protini ikioza hutoa amonia. Katika maji yenye magadi kidogo, chini ya jua la hapa, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika ile hali inayoua samaki. Na amonia ikikutana na mchanga wenye hewa hugeuka naitreti. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi na kata yake. Mchanga huchuja tope, na huzuia vijidudu kiasi. Naitreti haichuji hata chembe, kwa kuwa imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho wa miligramu 50 kwa lita kwa maji ya kunywa, na sababu kubwa ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo au uji kwa maji hayo: naitreti nyingi huifanya damu ya mtoto ishindwe kubeba oksijeni. Maji hayo yatakuwa meupe, hayatanuka, na yatakuwa yametimiza kiwango cha bomba.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwombaji lilikuwa hili: kiwango chako ni cha chini kabisa unachodaiwa popote Tanzania. Mahali hapa unadaiwa pia na maji yanayokupokea, na deni hilo haliwezi kuhesabiwa mpaka tuseme maji haya ni ya nini.

Wazo lenyewe, na kwamba si geni kwetu

Kuainisha maji kwa matumizi ni hivyo tu. Unataja hadharani na kwa maandishi kazi ambayo mto, ziwa au bwawa fulani linapaswa kuifaa: kunywa, samaki, kuogelea, mifugo, umwagiliaji. Kisha unaweka vipimo vinavyolinda kazi hiyo. Kisha kila kibali cha kumwaga taka kinapimwa kwa vipimo hivyo. Marekani walilijenga jambo hili ndani ya sheria yao ya maji safi ya 1972, na kanuni zao zina mambo matatu ambayo kamati yetu iliyapenda mara tu nilipoyaeleza. Kubeba taka hakuwezi kutajwa kuwa kazi ya maji yoyote. Matumizi ambayo watu tayari wanayafanya hayawezi kufutwa kwenye karatasi kwa sababu yanasumbua. Na unapoainisha maji ya juu, lazima uangalie yaliyo chini yake yanakofika.

Mzee mmoja aliuliza kama hii si sheria ya wazungu tunayoletewa. Nilifurahi kumjibu. Marekebisho ya sheria yetu ya matumizi ya maji yaliyofanywa 1981 yaliyagawa maji yanayopokea majitaka katika makundi matatu kwa matumizi: la kwanza la maji yanayofaa kwa kunywa na kutengenezea vyakula na vinywaji, la pili la mifugo, uvuvi na michezo ya majini, la tatu la umwagiliaji na viwanda visivyohitaji maji ya kiwango cha hayo mawili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, iliyokuja baadaye, inataka uwepo mfumo wa kuainisha rasilimali za maji, na inaweka mpangilio wa nani atangulie: matumizi ya nyumbani kwanza, mahitaji ya mazingira pili, shughuli nyingine za uchumi kwa kadiri maji yanavyobaki. Kwa mpangilio huo, dumu la bibi linatangulia mbele ya ng'ombe na mbele ya machinjio. Hatukuhitaji kuazima haki yake kutoka mahali.

Kilichokosekana ni kazi ya chini, lambo kwa lambo. Mkoa wa Dodoma umegawanyika katika mabonde matatu, la Wami/Ruvu, la Kati na la Rufiji, na mabwawa makubwa kama Hombolo, lililojengwa 1957, na Mtera kwenye mto Ruaha Mkuu yana watu wanaoyajua na wanaoyaandika. Malambo madogo yako mengi mno, na kila moja lina maisha yake.

Mtego wa "yameshachafuka"

Katika kikao cha pili, mtaalamu mmoja kijana, mtu makini na ninayemheshimu, alipendekeza tuliweke lambo katika kundi la tatu. Hoja yake: maji yenyewe ni tope, yana kinyesi cha ng'ombe, vipimo vya bakteria viko juu, kuyaita ya kunywa ni kujidanganya. Wengi waliitikia kwa vichwa.

Naliona kosa hili mara nyingi, na ndilo ninalotaka kulisema kwa nguvu zaidi katika kisa hiki. Kuainisha si kupiga picha ya maji yalivyo leo. Ukiainisha kwa hali ya leo, kila aliyechafua jana amekuteremshia kiwango cha kesho, na anayekuja kuomba kibali kesho ataonekana hana hatia, maana ameyakuta hivyo. Daraja linashuka lenyewe kila mwaka na hakuna aliyevunja sheria.

Hata hivyo kijana alikuwa na nusu ya ukweli, na haikuwa haki kuinyamazia. Kuna kasoro inayotokana na mtu na kuna inayotokana na nchi yenyewe. Chumvi ni ya nchi. Jua linanyanyua maji na kuacha chumvi; lambo likipungua nusu kwa jua tu, chumvi katika kila lita imeongezeka mara mbili, na hakuna sheria ndogo itakayobadilisha hilo. Tulipima kwa mita ya chumvi mwishoni mwa kifuku na tena mwezi wa kumi. Mara ya kwanza maji yalikuwa upande salama kwa karibu kila zao. Mara ya pili yalikuwa yamevuka 3 dS/m (kipimo cha chumvi iliyomo majini), mahali ambapo mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unaanza kuonya vikali juu ya umwagiliaji. Zabibu, zao ambalo Dodoma inajulikana kwalo, huanza kupoteza mavuno hata kabla ya hapo, maji yanapopita kama 1. Ng'ombe, kwa mwongozo huohuo, hunywa vizuri hadi 5.

Hapo watu wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba hakuna ngazi moja ya usafi yenye kunywa juu na mifugo chini. Maji yaliyokataliwa na mzabibu yanamfaa ng'ombe. Naitreti inayomdhuru mtoto mchanga ni mbolea kwa mchicha. Tope linalomkera mfuaji halimsumbui kambale. Bakteria wa kinyesi, ambao ng'ombe hajali, ndio wanaoamua kama nyanya ya kachumbari ni salama; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka ukomo wa 1,000 katika mililita 100 kwa maji ya kumwagilia vinavyoliwa vibichi, huku maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja. Kila matumizi yana kidonda chake. Ukishayataja yote, unachukua kwa kila kipimo lile linaloumia mapema zaidi, na hilo ndilo linaloweka mpaka.

Jambo jingine lilituponza kidogo, nalo ni neno. Tulipokuwa tukisema "daraja la kwanza, la pili, la tatu", nyuso za watu zilikunjamana. Hapa reli ya kati inapita, na kila mtu anajua behewa la daraja la tatu ni la nani. Mama mmoja aliuliza kwa uchungu kama kijiji chao kimepewa maji ya daraja la tatu. Tangu hapo tuliziacha namba. Tukasema maji ya nyumbani, maji ya samaki na bustani, maji ya mifugo. Ushauri wangu kwa yeyote atakayefanya kazi hii ni kuanza na majina hayo siku ya kwanza.

Kilichoamuliwa

Mkutano mkuu wa kijiji ulikubali kugawa, kwa mahali na kwa majira. Mkia wa lambo na mchanga wote wa korongo kuelekea juu ni maji ya nyumbani, mwaka mzima. Tumbo la lambo ni la samaki na bustani. Bustani za kachumbari zikome kumwagilia humo kiangazi kikikaza, kwa ajili ya chumvi na kwa ajili ya bakteria. Mifugo itoke kabisa ndani ya maji: bomba lipite chini ya tuta na kujaza birika la kunyweshea upande wa pili, ng'ombe wanywe huko bila kukanyaga wala kunya ndani. Kuogelea kwa watoto kulizua mjadala mrefu. Kichocho kipo katika maji yaliyosimama yenye konokono, na wapo waliotaka kupiga marufuku. Mwalimu mmoja alisema watoto wataogelea tu, kwa siri, mahali pabaya zaidi. Wakaacha upande mmoja usio na majani, wa kusafishwa mara kwa mara. Sina uhakika kwamba hiyo inatosha, na niliwaambia hivyo.

Kwa kuwa korongo la juu limeandikwa kuwa la nyumbani, majitaka ya machinjio hayawezi kuingia humo hata yakiwa na BOD ya 30. Kamati iliiandikia mamlaka ya bonde maoni hayo, ikaambatanisha orodha ya ile siku moja, saa kwa saa. Kibali cha kutiririsha hakikutolewa kwa mahali pale.

Mwombaji aliumia, na aliumia kwa haki. Alikuwa ameshalipia ramani na amechimba msingi. Hakuna aliyemwambia mapema, kwa sababu hapakuwa na maandishi ya kumwambia. Lambo lingekuwa limeainishwa kabla hajanunua kiwanja, asingelinunua pale. Hiyo ni hasara ambayo watu huisahau wanapodhani kuainisha maji kunamlinda mchotaji peke yake. Kunamlinda pia mwekezaji anayetaka kufuata sheria.

Baada ya miezi kadhaa ya hasira na vikao viwili vya wazee, alirudi na mpango mwingine. Damu itakusanywa kavu kwenye mfereji wake yenyewe, ichemshwe na kukaushwa iwe chakula cha kuku. Mavi ya tumboni yatawekwa kwenye mtambo wa gesi na masalia yake yapelekwe mashambani. Maji ya kuoshea, yakiwa hayana damu tena, yatawekwa kwenye tanki na kuchukuliwa na gari la majitaka hadi kwenye mabwawa ya kutibu. Hakuna hata tone korongoni. Gharama imepanda, na ameomba kijiji kimpunguzie kodi ya eneo kwa miaka ya mwanzo. Mimi naona ombi lake ni la haki. Wajumbe wa kamati hawajakubaliana juu yake.

Mita sitini

Kuna jambo moja halijaisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mwombaji aliposomewa kifungu hicho kwa ajili ya machinjio yake, aliuliza mbele ya watu wote: na bustani je? Hakuuliza kwa ubishi. Vijana hupulizia dawa za wadudu hatua ishirini kutoka kwenye maji, na mvua ya kwanza ya kifuku huishusha dawa hiyo moja kwa moja lambo. Kama mchanga wa juu ni maji ya nyumbani kwa machinjio, ni maji ya nyumbani kwa dawa pia.

Jumamosi moja kamati ilizunguka lambo na kamba ya mita sitini na vigingi vya mti. Vigingi kumi na vinne viliingia bila ugomvi. Cha kumi na tano, upande wa mkiani, kiliangukia nyuma ya kijishamba cha mchicha chenye uzio wa miiba, yaani kijishamba chote kiko ndani ya eneo la katazo. Ni cha yule bibi wa alfajiri. Mchicha ule ndio unaomlipia mjukuu michango ya shule, na hatumii dawa, anatumia majivu.

Alisimama pale na jembe lake, akakitazama kigingi, akamuuliza mwenyekiti kama anaweza kwanza kuvuna ulioota. Mwenyekiti alinitazama mimi. Nikasema sheria inazungumzia shughuli za kudumu na zinazodhuru, na kwamba mboga za msimu zisizo na dawa na zisizolimwa hadi ukingoni zinaweza kujadiliwa, lakini wa kuamua si mimi. Wakakubaliana avune, na suala lake pamoja na la wengine sita wenye vijishamba kama chake liende kwenye kikao kijacho, kabla ya kifuku. Rasimu ya sheria ndogo imeachiwa nafasi wazi katika aya hiyo. Kigingi cha kumi na tano kimelazwa chini kando ya uzio, hakijapigwa ardhini.